Bango la Njia Panda ya Hospitali

Kibanda cha Cherehani,
Njia Panda ya Hospitali.
Jumapili, mwezi wa nane.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko uliyokuwa ukiilalamikia imeanza kukuachia vidole. Wifi hajambo? Na wanangu je, yule wa mwisho ameacha kunyonya kidole au bado mnampaka pilipili naye anailamba? Kifua chako kimepoa, au bado unabishana na daktari?

Sisi huku tu wazima, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Paa la chumba cha nyuma limezibwa, halivuji tena. Mashine yangu inashona. Mama Mdogo anaendelea vizuri kuliko tulivyotegemea, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako kuandika.

Nimechagua kalamu badala ya simu kwa sababu nakujua na najijua. Kwenye simu nitapandisha sauti, wewe utasema "hebu tulia kwanza", na mimi nikisikia hilo neno nitakata. Karatasi haina ubavu wa kuniambia nitulie. Soma hadi mwisho, Kaka, ndipo nawe ukasirike ukiona inafaa.

Njia panda unaikumbuka. Huku lango la hospitali, kule shule ya msingi, na katikati ile barabara inayoshuka kutoka machimbo ya kokoto. Kibanda changu kinaitazama uso kwa uso. Nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani naona kila anayevuka. Taa za kuongozea magari zilikufa kwenye zile mvua kubwa. Kwanza zilikwama kwenye nyekundu pande zote, madereva wakapiga honi hadi wakachoka, wakaanza kupita. Kisha zikazimika kabisa. Tulikwenda kwa diwani wetu. Mama yule akatupokea vizuri, akatukalisha, akasema taarifa imepelekwa juu. Tangu siku hiyo kila nikimuuliza, taarifa bado inapanda. Sijui jengo la manispaa lina ghorofa ngapi ambazo sisi wengine hatuzioni.

Taa hazikuja. Badala yake ikaja Wiki ya Usalama Barabarani, na Wiki ya Usalama ikatuletea bango.

Nikueleze hilo bango, maana wewe umelisikia kwa watu wengine. Ni fremu ya chuma, pana kama ukuta wa sebule, imesimikwa pembeni mwa kivuko upande ule magari yanakoshukia. Turubai lake linaanzia magotini mwa mtu mzima na kwenda juu kuliko paa langu. Juu yake kuna Meya, rafiki yako uliyekaa naye dawati moja, amevaa kofia ngumu ya njano na kutabasamu, na chini yake maandishi makubwa: VUKA KWA UANGALIFU, USALAMA WAKO UKO MIKONONI MWAKO. Ukisimama pale pa kuvukia na kugeuza kichwa ili uangalie magari yanayoshuka, huoni gari. Unaona meno ya Meya.

Tulilalamika siku ile ile walipolisimika. Fundi wa kuchomelea, yule mrefu wa karakana iliyo mkabala na mimi, aliwaambia vijana wa manispaa walisogeze nyuma kidogo tu, hata kwa tairi mbili za gari. Wakamjibu kwamba mahali pamechaguliwa na kamati. Tukaanza kuvuka kwa kuchungulia, kama watoto wanaocheza kibemasa cha kujificha. Unatoa kichwa, unakirudisha, unatoa tena, halafu unakimbia. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na aibu yangu ni kwamba tulianza kuzoea.

Mama Mdogo alikuwa anatoka kliniki ya shinikizo la damu. Nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa napiga pasi kola ya shati, nikainua mkono kumpungia, naye akaniona. Alisimama. Akachungulia upande wa bango, akarudi, akachungulia tena. Ndipo akashuka barabarani. Lori la kokoto likatokea nyuma ya ile kofia ya njano.

Sitakuandikia sauti niliyoisikia. Nilipofika nilimkuta amelala upande, kiatu kimoja hakipo, ananiuliza kama pasi nimeichomoa. Dereva wa lori alikuwa ameshuka. Hakukimbia, Kaka, na hakuwa amelewa. Yeye na fundi wa kuchomelea ndio waliong'oa mlango wa karakana, wakambeba juu yake hadi ndani ya hospitali. Njia nzima alikuwa anasema, "Mama, sikukuona. Wallahi sikukuona." Na Mama Mdogo anamjibu, "Nami sikukuona, mwanangu."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Walimpasua, wakamtia chuma, na hayo yote wewe uliyajua, nakushukuru kwa ulichotuma. Ninalotaka kukueleza ni lile ambalo hukulijua.

Alikuwa kwenye wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani. Unajua amefanya kazi miaka yake yote kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ile ile. Wauguzi wote wanamwita Mama Shuka. Nilikuwa nimekaa namchana nywele. Nje likapita gari la matangazo la manispaa, lile lenye vipaza sauti viwili juu. Tukanyamaza sote tusikilize, maana tulidhani ni habari za maji kukatika. Kumbe lilikuwa linamtangaza yeye. Likasema, na nakunukulia neno kwa neno kwa sababu lilirudia mara tatu likiwa linazunguka uzio: "Ajali iliyotokea njia panda ya hospitali imesababishwa na uzembe wa mwenda kwa miguu, mwanamke mtu mzima, aliyevuka barabara bila kuangalia. Manispaa inawakumbusha wananchi kutii mabango ya usalama."

Wodi nzima ikamgeukia. Wengine walitaka kumpa pole, wengine hawakujua waangalie wapi. Mama Mdogo akageuza uso ukutani.

"Kifungo," akaniambia, "mimi niliangalia."

"Najua, Mama. Nilikuona."

"Niliangalia mara mbili."

Huyo ndiye mwanamke aliyetushika mikono kutuvusha barabara kila asubuhi tangu mama yetu alipofariki. Wewe ulikuwa unajifanya mkubwa, unataka kuchomoa mkono, naye anaukaza. Leo mji mzima umetangaziwa kwa kipaza sauti kwamba hajui kuvuka. Jirani wa kitanda cha pili alimwambia, kwa nia njema kabisa, "Siku nyingine uwe unaangalia, mama." Tangu hapo akawa hali chakula vizuri. Chuma cha nyonga hakikumuuma kama lile neno uzembe.

Wiki iliyofuata manispaa iliitisha mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa shule. Nikafunga kibanda nikaenda. Mbele alikaa Afisa Usalama, suruali imenyooshwa pasi kama ubao, na kando yake diwani wetu. Afisa akatueleza kwamba mji wetu uko salama kuliko mwaka jana. Akasema tatizo ni wananchi kutokuwa na elimu ya kuvuka. Niliponyoosha mkono, diwani alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, basi nikasimama bila kupewa ruhusa.

Nikasema, "Bango lenu ndilo linaloziba barabara. Yule mama hakuona lori kwa sababu ya bango."

Afisa akatabasamu. "Dada yangu, bango lile lina ujumbe wa kuokoa maisha."

"Sikatai ujumbe. Nasema turubai. Mtu haoni kupitia turubai."

"Lilipitishwa na kamati."

"Kamati ilisimama pale kivukoni?"

Watu wakacheka, na tabasamu lake likafifia. Nikamwambia njia panda iko hatua chache tu kutoka pale ukumbini. Atoke nasi, asimame pale alipokuwa amesimama Mama Mdogo, atuambie anaona nini. Asivuke hata, aangalie tu. Ukumbi ukaanza kuitikia, "Twende, twende." Akatazama saa yake. Diwani akachukua kipaza sauti, akasema muda umekwisha na hoja zetu zimepokelewa. Wakatoka kwa mlango wa nyuma, Kaka, na gari likawachukua huko huko. Walipita ile njia panda wakiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Nililala na hasira. Nikaamka nayo, nikachemsha chai nayo, nikafungua kibanda nayo. Na asubuhi ile ile, watoto wakiwa wanaingia shuleni, msichana mmoja mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake akachungulia kwenye pembe ya bango, akashuka. Pikipiki ikapita karibu yake kiasi kwamba ilimng'oa mkoba begani. Madaftari yakatapakaa barabarani. Yeye hakuumia. Alikaa chini ukingoni mwa barabara, akajikojolea.

Nikachukua mkasi.

Mkasi mkubwa wa kukatia suti, ule ambao simwazimi hata ndugu. Fundi wa kuchomelea aliniona navuka, hakuniuliza kitu, akanifuata na ngazi. Nilipanda, nikaanza na kamba za nailoni za juu, moja baada ya nyingine. Halafu turubai lenyewe. Usidhani ni kazi ya kitoto. Ile plastiki ni ngumu kama ngozi ya kiatu, na gumba langu lilitoka lengelenge hapo hapo. Watu wakakusanyika. Mama mmoja aliyekuwa anampeleka mtoto wake kliniki alishika mguu wa ngazi, akasimama hapo hadi nikamaliza. Kofia ya njano ikashuka, macho yakashuka, meno yakashuka, na nyuma yake barabara ya mlimani ikatokea yote, nyeupe kwa vumbi, na lori la kokoto likishuka mbali kabisa kule juu. Tuliliona mapema mno, Kaka. Mtu angeweza kuvuka, akakumbuka alichosahau, akarudi.

Nilishuka nikalikunja turubai. Sikulitupa, maana mimi ni fundi, sijazoea kutupa kitambaa ovyo. Nilikuwa napatanisha pembe na pembe askari wa manispaa alipofika.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, karibu aone haya, "nani amekuruhusu?"

"Wewe unavukia wapi ukienda kumchukua mwanao shule?"

Nikampa lile turubai limekunjwa vizuri, akalipokea kwa mikono miwili kama shuka la mgonjwa, tukaenda ofisini.

Walinikalisha kwenye benchi la korido hadi mchana. Meya akapita, akasimama, akanitazama, halafu akacheka. "Wewe si mdogo wake yule bwana aliyeko ng'ambo? Usijali, nitampigia kaka yako." Hayo tu. Hakuniuliza nyonga ya nani imevunjika. Hakuniuliza kwa nini. Aliniona mimi ni kuku wa watu aliyeingia shambani, atafutwe mwenyewe aje amchukue.

Na kweli akakupigia. Nawe ukaniandikia ujumbe ambao bado ninao kwenye simu: "Kifungo omba radhi yaishe. Meya ni mtu wangu. Unanitia aibu."

Niliusoma nikiwa wodini. Mama Mdogo akaniuliza nani, nikamwambia ni mteja anauliza suruali yake.

Kaka, nakuheshimu. Wewe ndiye uliyeacha shule ili mimi nipate cherehani, na hilo sijalisahau hata siku moja. Lakini aibu gani nimekutia? Aibu ni mwanamke aliyetulea kulala amegeukia ukuta kwa kuitwa mzembe, na mwanawe aliyeko mbali anampa Meya pole ya plastiki. Uliniuliza mimi kwanza? Ulimuuliza yeye? Ulisikia habari upande wa aliyekaa kwenye kiti ukatosheka. Nimekukasirikia kiasi kwamba nimechana karatasi mbili kabla ya hii.

Sasa sikiliza yalivyokwisha.

Niliitwa mbele ya kamati ya usalama ya manispaa, eti tuyamalize kabla hayajafika mahakamani. Mezani kulikuwa na Afisa Usalama, diwani, Meya mwenyewe na wengine nisiowajua. Wakanisomea kosa la kuharibu mali ya umma. Wakanipa karatasi ya kuomba radhi, tayari imechapwa, nitie sahihi tu. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Mdogo kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa ameruhusiwa kutoka siku ile, na badala ya kuja nyumbani alisema apelekwe manispaa. Aliyekuwa anamsukuma ni yule dereva wa lori.

Afisa akasema hapa si mahali pa mgonjwa. Mama Mdogo akasema anajua, hatakaa sana.

Bahati yangu ni kwamba wakubwa hawa hawasemezani. Jana yake redio ya mji ilikuwa imetangaza kwamba manispaa, kwa kusikia kilio cha wananchi, imeondoa bango la njia panda ili kuboresha usalama. Dereva wa lori ndiye aliyeuliza, kwa upole kabisa, kofia yake mkononi: "Samahani waheshimiwa. Kama bango mliliondoa ninyi, huyu dada ameharibu nini?"

Ungeona zile nyuso. Meya akamtazama Afisa, Afisa akamtazama diwani, diwani akawa anasoma kucha zake. Mwishowe Meya akasema basi, suala limefungwa, twende kwa amani. Karatasi ya radhi ikarudi kwenye jalada.

Nilishaanza kugeuza kiti, Mama Mdogo akashika gurudumu.

"Langu bado," akasema. "Nataka lile gari lipite tena. Lipite kule kule lilikopita, liseme niliangalia."

Meya akamwambia, "Mama, hayo yamepita."

"Yamepita kwako. Mimi nikienda sokoni naitwa mzembe."

Akamwambia watalifikiria. Mama Mdogo akamjibu kwamba amefua mashuka ya hospitali ile tangu Meya akiwa mtoto, huenda hata shuka alilozaliwa juu yake alilifua yeye, na hakuna siku aliyorudisha kitu kichafu akasema atafikiria. Lakini gari halikuagizwa. Hadi leo manispaa haijaagiza.

Ila Ijumaa iliyopita gari lilipita. Tulikuwa barazani, namnyoosha mguu kama walivyotufundisha. Mtangazaji, yule mwenye sauti nene tunayemwita Koo, alikuwa anatangaza siku za kuzoa taka. Taka, taka, taka, mtaa kwa mtaa. Alipofika mbele ya nyumba yetu akapunguza mwendo, na bila kubadilisha sauti akasema, "Pia mnatangaziwa kwamba yule mama aliyegongwa njia panda ya hospitali aliangalia kabla ya kuvuka. Bango ndilo lililomziba. Lile tangazo la kwanza nililisoma mimi, na halikuwa la kweli." Akaendelea na taka. Akalisema tena pale sokoni, na tena kwenye uzio wa hospitali, wagonjwa wakatokea madirishani. Jumamosi wakamsimamisha kazi.

Mama Mdogo alirudi ndani kwa magongo yake, akaniambia nimpakulie, na akala chakula chote.

Kwa hiyo usinitafutie msamaha kwa mtu yeyote. Kama Meya kweli ni mtu wako, mpigie wewe, lakini safari hii usiongee habari zangu. Mwambie taa bado hazijawaka. Mwambie fremu ya chuma bado imesimama pale, na nimesikia wanachapa turubai jipya. Mwambie Koo ana familia. Na mwambie mkasi nimeupeleka kunolewa.

Nimemaliza hasira, au niseme nimemaliza karatasi. Nisalimie Wifi, mwambie gauni lake liko tayari limebaki vifungo. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, na wafundishe kuvuka barabara wangali wadogo. Fundi wa kuchomelea anakusalimu sana. Dereva wa lori pia, ambaye humjui lakini amekuwa mtu wa hapa nyumbani. Kila Jumapili anakuja kuuliza hali. Mungu akulinde na baridi na magari, akutunzie kazi yako, na akupe moyo wa kuuliza kabla ya kuamua.

Mama Mdogo hakutumii salamu. Nilimsomea barua yote, nikamuuliza niandike nini kwake. Akasema nisiandike kitu. Salamu zako anazo, amekuwekea, na utampigia mwenyewe uzipokee.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata siku ambazo sitaki kukuona,

Kifungo.